Ulimi Katika Jicho la Kipkirui

Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, soko la Eldoret lilikuwa limefurika watu. Kabura wa mtaa wa Munyaka, aliyevaa rinda la kijani na kilemba cheupe, alikuwa akipanga sweta zake za kuuza alipofikiwa na Kipkirui, mwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Makapi yalikuwa yamemjaa hadi kwenye nyusi.

"Mrembo, iko sweta ya kunitosha?"

"Oga kwanza, nione mtu ako ndani."

Wakacheka. Kufikia Krismasi walikuwa wakipigiana simu kila jioni.

Tatizo lilikuwa moja. Katika weupe wa jicho la kushoto la Kipkirui palikuwa na kinyama cha waridi, kilicholowa kama ufizi, nacho kilikuwa kikikua.

"Ni kapi tu, kipenzi," Kipkirui akasema. "Mama Lusweti atalitoa."

Mama Lusweti alikuwa akiwatoa wapukuchuaji makapi machoni kwa ulimi. Kabura akamsindikiza mpenzi wake. Mama huyo akatema ugoro, akafunua kope, akalilamba jicho kwa ulimi wa kahawia. Mate machafu yakatiririka shavuni. Kabura akaziba mdomo, akakimbilia nje kutapika.

Kipkirui alimwona. Tangu hapo hakupokea simu zake, hadi jioni moja.

"Ulitapika kwa sababu yangu, Kabura. Tafuta mwanaume mwenye macho mazuri."

"Wewe kichwa ngumu! Nilichukizwa na ule ulimi, si wewe. Kinyama kimetoka?"

"Kimeongezeka. Lakini si kibaya, wanasema kibaya huwa cheusi."

"Kesho tunaenda kwa daktari wa macho. Ukikataa, nakuja kukubeba na mkokoteni."

Daktari alikikata, akakipeleka maabara. Ilikuwa saratani adimu ya uso wa jicho, ya aina ambayo mara nyingi huwa nyeusi. Hii haikuwa na rangi.

"Ndiyo maana hudanganya watu," akasema daktari. "Mngechelewa, tungeling'oa jicho lote."

Kipkirui akaketi kwenye benchi la nje, jicho limefungwa bandeji, ute wa manjano ukichuruzika. Kabura akaupangusa kwa leso yake.

"Hii haikuchukizi?"

"Inanichukiza sana. Lete shavu."

"Saratani inaweza kurudi. Nitachunguzwa maisha yangu yote. Nani atanishika mkono?"

"Uliza vizuri."

Akapiga goti, akauliza vizuri, wagonjwa wote wakisikiliza. Kabura akakubali, leso ile chafu ingali mkononi.

Nawe msomaji, mpe hadithi hii jirani mwenye kinyama jichoni. Kama hajui kusoma, msomee.