Walinipima Nikiwa Nimejikunja

Baridi ya chuma ilinigusa kisigino.

Sikufumbua macho yote. Nilifumbua kajicho kamoja tu, kama mtoto anayejifanya amelala, nikachungulia.

Kichwani kwangu alisimama mwanangu wa kumzaa. Miguuni alikuwepo rafiki yangu wa miaka nenda rudi. Na katikati yao, juu ya mwili wangu... tepu ya fundi, imevutwa kutoka utosini hadi kisiginoni.

Walikuwa wananipima jeneza. Mimi, mzima, mchana kweupe, nimejilaza kwenye benchi la karakana yangu mwenyewe baada ya chai.

"Amejikunja," mwanangu akanong'ona. "Litatoka fupi."

"Mnyooshe basi."

"Ataamka."

Rafiki yangu akachekea puani.

"Achana naye. Siku ikifika tutamkunja magoti. Maiti halalamiki."

Wakaiachia tepu ikarudi kwenye kibati chake, krrr, kisha wakatoka wakinyata.

Jamani, ninyi mliojilaza kwenye makochi yenu mnasoma hapa... mmewahi kulala mkaamka mmeshakuwa marehemu?

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, maana naona wengine mmeshaanza kusema mzee anatunga.

Mimi ni fundi wa majeneza. Karakana yangu inatazamana na geti la hospitali, kwa hiyo sijawahi kukosa kazi.

Kazi yetu ina miiko miwili. Mtu hai hapimwi. Ukimtazama unampima kwa jicho tu, kimoyomoyo, halafu unageuza uso kwa adabu. Na ukishampima marehemu, unaongeza vidole vinne upande wa miguu ili alale amenyooka. Vidole vinne hivyo ndivyo vinavyomtenganisha fundi na mtu mwenye msumeno.

Mwanangu nilimfundisha yote miwili nikiwa nimemshika mkono.

Huyo rafiki yangu ndiye dereva wa gari langu la kubebea maiti. Mtaani wanamwita Ngazi, kwa sababu anabadilisha balbu ya karakana bila kupanda kitu. Akiendesha, magoti yanagusa usukani. Tumekula sahani moja, tumesindikiza watu makaburini mpaka tumepoteza hesabu, na mke wake ni shemeji yangu kabisa.

Mwaka jana presha ilinipiga mweleka. Nilipotoka hospitali nikajiambia, mtu wa kazi kama yangu akifa bila wosia ni aibu. Nikaenda kwa wakili nikauandika.

Hapo sikukosea. Nilikosea nilipowaita wahusika wote nikawasomea.

Nyumba nikampa mwanangu, maana ndiye niliye naye tangu mama yake atangulie. Gari nikampa Ngazi. Kiwanja cha pembeni nikalipa kanisa letu dogo la mtaani, wanaosali chini ya mabati ya kuazima. Karakana nikakipa kituo cha kulea wazee, waipangishe, wazee wapate uji na dawa.

Kwa upande wangu niliomba kitu kimoja tu. Pembeni mwa stoo kulikuwa na mbao za mvule nilizozitunza tangu mwanangu anatambaa. Nikasema jeneza langu litoke humo, na nilale nimenyooka. Maisha yangu yote nimeinama juu ya meza ya kurandia mpaka mgongo umekuwa upinde. Nikifa, ninyoosheni.

Walilia wote. Ngazi alilia kuwazidi, akapenga kamasi kwenye mkono wa shati.

Weee... ngojeni sasa!

Mzee wa kanisa zamani alikuwa akinishika kichwa na kusema, "Bwana, mponye mtumishi wako." Baada ya wosia akaanza kusema, "Bwana, mwandalie makao." Kiwanjani kwangu wakaanza kumwaga mawe ya msingi. Nilipouliza, akanijibu kwamba mawe hayaozi.

Mama mkuu wa kituo cha wazee akaja na mshona mapazia. Wakapima madirisha ya karakana mimi nikiwa nimekaa chini yake napiga msasa. Alipogeuka akaniona, akasema kwa upole kabisa, "Eh, mzee wangu, kumbe bado upo."

Ngazi akaandika maneno nyuma ya gari kwa rangi nyekundu: ASANTE RAFIKI. Nikamuuliza ni rafiki gani huyo anayeshukuriwa. Akasema ni maneno tu.

Na mwanangu... Nikikohoa chumbani, anakuja mbio mpaka mlangoni. Nikiacha kukohoa, anarudi polepole.

Yote hayo niliyameza. Nilisema uzee una mashaka yake, labda naona vibaya. Mpaka siku ile ya tepu.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi wangu walikuwa wameshika ncha mbili za tepu moja. Niambieni nikimbilie wapi.

Nilikausha. Niliinuka kwenye lile benchi nikajifanya napiga miayo, nikaomba chai nyingine. Mwanangu akaileta, akaniuliza nimelalaje.

"Vizuri tu, baba," nikamwambia. "Nimelala kama maiti."



Baada ya siku chache alipotoka kwenda kununua misumari, nikaingia stoo. Nyuma kabisa, chini ya turubai, nikalikuta. Limepakwa rangi ya mvule likang'aa, mpini huku na huku, msalaba juu. Kwa mtu wa kawaida ni jeneza la heshima.

Nikalikwangua kwa ukucha. Chini ya rangi kulikuwa na mbao nyeupe laini, zile za kutengenezea makasha ya nyanya.

Nikalisimamisha, nikasimama nalo bega kwa bega kama tunapigwa picha. Lilinifika kidevuni.

Pembeni mwa stoo, pale pa mbao zangu, palikuwa patupu. Zimebaki alama za vumbi chini.

Jioni nikamuuliza mwanangu mbao zangu za mvule ziko wapi. Hakuniangalia.

"Zililiwa na mchwa, baba."

Mvule? Mchwa? Mchwa akikutana na mvule huamkia, kisha hupita zake. Mtoto wa fundi hujua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Uongo wenyewe ulikuwa wa kunidharau, na huo uliniuma kuliko lile jeneza.

Nikasema, "Basi, mchwa nao wana njaa."

Jumapili nikapita kwa Ngazi kumjulia hali shemeji. Mama wa watu hana hatia, ana furaha zake, akanivuta mpaka mlango wa chumbani nikaone mwanangu alivyowatendea wema. Kitanda. Kirefu, kipana, cha mvule mtupu. Akaniambia tangu aolewe, Ngazi hajawahi kulala miguu isichomoze nje, na sasa analala amejinyoosha kama mfalme.

Nikapitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani. Kila fundo nililijua. Nilikuwa nimeyatazama mafundo yale kwa miaka nikijiambia, hapa ndipo nitakapolaza kichwa.

"Kizuri," nikamwambia shemeji. "Mungu awape usingizi."

Haikupita mwezi.

Asubuhi moja shemeji akaingia karakana bila viatu, khanga imemwanguka begani. Ngazi hakuamka. Alikula vizuri, akajinyoosha kwenye kitanda chake, moyo ukasimama humo humo. Alifia juu ya mbao zangu.

Nililia, msidhani sikulia. Mtu uliyekula naye nusu ya maisha yako hafi ukabaki macho makavu, hata kama alikupima.

Shemeji akasema mzee wa kanisa ameshapanga, mazishi ni kesho. Akanishika mikono. Akasema nduguye Ngazi ni mimi, jeneza nijue mimi.

"Usijali, shemeji. Lipo moja tayari."

Nyuma yangu randa ya mwanangu ikanyamaza.

Shemeji alipoondoka, akanijia uso umempauka.

"Baba... jeneza gani?"

"Lile lililo chini ya turubai."

Akasema lile ni fupi.

"Fupi kwa nani? Si lilipimwa?"

Akaanza kuhangaika. Akasema tutengeneze jingine, atafanya peke yake, nisiguse hata nyundo. Nikamuuliza kwa mbao zipi, maana mbao nzuri zililiwa na mchwa. Akasema basi tukanunue kwa fundi wa jirani. Nikamuuliza watu watasemaje, rafiki yangu wa kufa na kuzikana azikwe kwa jeneza la jirani wakati mimi mwenyewe ninalo.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kitanda chake..."

"Kitanda ni cha mjane. Nenda kakifumue, na ukimaliza umweleze mbao zilitoka wapi."

Hakwenda.

Tulikwenda mochwari mimi na yeye. Jeneza lilimfika Ngazi kifuani. Mwanangu alisimama anamtazama yule mtu mrefu, mikono imemning'inia, machozi yanamtiririka.

"Baba, haingii."

Nikamsogelea sikioni.

"Mkunje magoti. Maiti halalamiki."

Akageuka akanitazama. Hapo ndipo alipojua kwamba siku ile sikuwa nimelala.

Alimkunja. Mimi sikugusa, nilishika kifuniko tu. Sitawasimulia sauti zilizotoka, kuna watu wanakula. Mwishowe ilibidi apande juu ya kifuniko na goti lake ndipo skrubu zikashika.

Mnaniuliza nilijisikiaje. Nilifurahi. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilifurahi mpaka mikono ikapata joto.

Furaha hiyo iliisha msibani. Shemeji alikuja kuliaga jeneza, akapitisha kiganja juu ya kifuniko pale kilipovimba, akakiacha hapo. Akaniuliza, shemeji, mbona hapa pameinuka?

Nikamwambia, "Miguu yake, mama. Unaijua."

Akatabasamu kwenye machozi. Akasema hata huko anakokwenda hawatapata kitanda cha kumtosha. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya gari lililoandikwa ASANTE RAFIKI, na safari hii nililia kwa ajili yake yeye, siyo Ngazi.

Tulipotoka makaburini nikawakusanya karakana. Mwanangu, mzee wa kanisa, mama mkuu wa kituo. Nikawaambia wosia ule wa zamani wausahau. Nimekwenda kwa wakili, mambo yamebadilika, na safari hii simsomei mtu. Mtajua mkishanizika.

Mngeona mtaa ulivyogeuka!

Mzee wa kanisa siku hizi ananishika kichwa kwa mikono miwili. "Bwana, mponye mtumishi wako." Sijamsikia tena akitaja makao. Mama mkuu ananiletea supu, anapuliza kijiko mwenyewe. Mwanangu ananichemshia maji ya kuoga kabla jua halijatoka, na nikikohoa anakaa mpaka nipate usingizi.

Wiki iliyopita aliingia na mzigo begani, akaushusha taratibu miguuni kwangu. Mbao. Mvule, mbichi bado, inanukia. Ameuza pikipiki yake.

Nikapanda kwenye benchi, nikalala chali. Mgongo uligoma, nikaulazimisha mpaka mifupa ikalia, nikanyooka.

"Pima," nikamwambia.

Akatoa tepu. Akasimama miguuni, ameshika kibati, akatafuta wa kumshikia ncha ya pili. Siku zote alikuwa Ngazi. Akazungusha macho karakana nzima, hakukuwa na mtu.

"Baba," akasema, "nishikie."

Nikainua mkono, nikaibana ncha ya tepu kwenye utosi wangu mwenyewe. Akapima. Akaandika.

"Umeongeza vidole vinne?"

"Nimeongeza, baba."

Basi wapendwa, lililonipata mimi lisiwapate. Wosia andikeni, tena mapema. Mpeni ndugu, mpeni rafiki, kanisa lipeni, wazee na yatima wapeni, hiyo ni thawabu. Ila msimwambie mtu amepata nini. Anayejua fungu lake atakupima, na asiyejua atakuombea. Na wewe unayempima mwenzio, kumbuka nawe una miguu ya kukunjwa.

Na wosia mpya? Hakuna. Kwa wakili nilikwenda kumsalimia tu. Ni ule ule, nyumba ya mwanangu, kiwanja cha kanisa, karakana ya wazee. Gari litakwenda kwa mjane wa Ngazi, kwani fungu la marehemu ni la mjane wake.

Ila msimwambie mtu. Naombewa nipone, na supu bado ni ya moto.