Nyama Aliyoileta Gerson

"Niachie, Bupe! Si yako!"

"Siachii! Nyama gani hii ina chembe za buluu?"

Esnath aliuvuta mfuko, na mdogo wake naye akauvuta. Walikuwa nyuma ya jiko la nyumbani kwao Ubaruku, bado wamevaa sare za shule.

"Mbwa watalala tu," Esnath alinong'ona. "Gerson anataka aje mashineni tuongee bila kubwekewa."

"Na Baba je? Naye atalala?"

Baba yao alilinda usiku mashine ya kukoboa mpunga. Ghala lilijaa magunia ya wakulima waliongoja bei ipande. Mbwa wake wawili walifundishwa kukataa chakula cha mgeni. Walikula kwa mkono wake, au kwa mikono ya binti zake waliompelekea chakula cha jioni.

Gerson, mpenzi wake wa siri, alimuuliza Esnath habari za mbwa hao siku ileile walipojuana. Esnath alidhani anapenda mbwa. Baadaye, kila Esnath alipokaa na rafiki zake, Gerson alinuna mpaka aombwe msamaha. Sasa Esnath hakuwa na rafiki tena.

Mama alitokea, ungo mkononi. Aliufungua mfuko, akakunja uso.

"Sumu ya panya. Nani kaileta?"

Bupe alimtazama dada yake.

"Gerson," Esnath alisema, machozi yakimtoka. "Alisema kama nampenda, niwape mbwa leo jioni. Lakini ananipenda, Mama! Aliapa!"

"Anayekupenda atamwacha baba yako peke yake mbele ya wezi wenye mapanga?" Mama hakupaza sauti. "Alitafuta mtu ambaye mbwa hawamkatai, akakupata wewe. Sikiliza, mwanangu. Mtu akikuambia, 'Ukinipenda fanya hivi, ila mama yako asijue,' hapo hapo njoo uniambie. Upendo haukuambii uwafiche wazazi wako, wala haukutumi kuua."

Esnath alimfikiria Baba gizani, akiwaita mbwa wasioitika.

"Watamkamata?" aliuliza.

"Hiyo ni kazi ya polisi. Niende peke yangu?"

"Hapana. Nitasema mwenyewe."

"Haya. Bupe, kimbia mashineni. Mwambie baba yako awafungie mbwa ndani na aite wenzake. Mbio!"

Bupe alitoka kama mshale. Mama aliutia mfuko kwenye ndoo yenye kifuniko, akatangulia. Walipofika kituoni, askari aliuliza nani mwenye maelezo. Mama alimgeukia binti yake.

"Mimi," Esnath alisema, akasogea mbele, na akaanza kwa kulitaja jina la Gerson.