Nusu Saa hadi Kakuma

Siku ya ndege, uwanja wa Lodwar ulijaa watu, magunia na mbuzi kuliko soko. Hapo ndipo kijana mrefu, akifukuza mbuzi watoke njiani mwa ndege, alipomkanyaga Nabei, muuguzi wa Kakuma. Nabei alivaa gauni jeupe la kazi, na shanga za mamake shingoni.

"Pole sana, dada! Nilikuwa naangalia mbuzi."

"Ejok, hakuna neno. Basi siku nyingine nitakuja na pembe, unione."

Aliitwa Opondo, mtu wa redio pale uwanjani. Tangu hapo, kila asubuhi Nabei alipoita Lodwar kutoka hospitali ya Kakuma kuagiza dawa, mazungumzo yalirefuka.

"Kakuma, kutoka huko hadi hapa ni mbali?"

"Kwa lori, siku nzima, mchanga ukikubali. Kwa ndege, nusu saa. Hujui kazi yako?"

"Najua, mpenzi. Nataka tu kukusikia ukisema."

"Nyamaza! Misheni zote zinasikia."

Sauti ya tatu, ya misheni nyingine, ikakohoa. "Nariokotome inasikia."

Mwaka huo, 1974, Opondo alipata uhamisho wa Kisumu. Akaomba nafasi katika ndege ya Jumamosi, aende kuposa kabla ya kuondoka. Babake Nabei alikuwa amefariki, hivyo neno lilikuwa la Ekuru, mjomba wake, aliyeteremka kutoka malishoni. Jumatatu angerudi milimani na mifugo, na hakuna aliyejua angeonekana tena lini.

Jumamosi, Ekuru na akina mama walikwenda uwanjani Kakuma kumpokea mgeni. Nabei, akiwa barazani hospitalini, aliiona ndege ikishuka, ikapita chini chini, ikapaa. Ikarudia. Kisha ikageuka na kurudi ilikotoka.

"Ameona wingi wa wakwe," aliwaza, "moyo ukamtoka."

Kesho yake redio iliita. "Nabei, nisikilize kidogo..."

"Lodwar, dawa ya macho imekwisha. Ni hayo tu." Akaizima.

Jumatatu asubuhi Ekuru alikuwa ameshika fimbo tayari kuondoka, Opondo alipotokea, vumbi hadi nyusi, viatu mkononi. Lori alilopanda jana yake lilikuwa limezama mchangani njiani. Sehemu iliyobaki aliitembea.

"Ulituogopa," Nabei alisema.

"Kuogopa? Mjomba wako na akina mama walikuwa wakicheza ngoma katikati ya uwanja! Rubani akishuka kuwaondoa, wao wanaruka juu zaidi."

Ekuru aliinamisha kichwa. "Tulidhani anatusalimu."

"Hakuwa na mafuta ya kuendelea kuzunguka, mzee."

"Lakini tulicheza vizuri?"

"Vizuri sana. Hata rubani alisema."

Akina mama wakaangua kicheko. Ekuru akaweka fimbo chini. "Sema ulichokuja kusema."

"Namwomba Nabei, mzee. Najua Kisumu ni mbali."

Ekuru akamgeukia binti. "Utamfuata?"

Nabei alikuwa akitazama damu iliyokauka kwenye vidole vya miguu ya Opondo.

"Nitamfuata," alisema. "Lakini kwanza nileteeni maji ya moto. Huyu hatembei popote leo."