Mpira wa Breki Upite Wapi

Asubuhi ile baba alimwambia binti yake awashe taa ya karakana. Taa ilikuwa inawaka. Binti akasimama na spana mkononi, akamwona baba anapapasa meza kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake kabisa.

"Umewasha?"

"Imewaka, baba."

Baba akaketi kwenye kigoda. Daktari wa macho alikuwa ameshawaambia kwamba siku hiyo ingefika.

"Wateja wasijue," alisema mwishowe. "Wakijua, nani ataniachia pikipiki yake? Niapie, mwanangu."

Aliapa. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Tangu hapo yeye ndiye aliyefungua nati na kufunga nati. Baba alikaa mlangoni, mikono imepakwa grisi kwa makusudi, akasikiliza injini na kutoa amri. Wateja wakadhani ni ubingwa, kwamba mzee amefika mahali ambapo hahitaji hata kuinama. Wakamwita Mzee Sikio. Binti wakamwita Spana. Hakuweza kukaa mbali na karakana zaidi ya nusu saa, maana mteja angeingia akamnyooshea mzee mkono wa salamu, na mkono ukabaki hewani.

Ndani ya nusu saa kama hiyo, kwenye soko la vipuri lililojaa watu na kelele za nyundo, alimkuta kijana anakagua tairi. Shati lake la bluu lilikuwa limepauka mabegani, na mgongoni alibeba sanduku jeupe lenye kamba.

"Hilo tairi limekuzidi umri," Spana alimwambia.

Kijana aligeuka. Akaona ovaroli ya kijani, kitambaa cha manjano kichwani, na doa la mafuta shavuni.

"Dada, wewe ndiye muuzaji?"

"Ningekuwa muuzaji ningenyamaza. Na hilo sanduku la nini, samaki?"

"Damu. Nachukua vipimo vya wagonjwa zahanati, napeleka maabara."

"Pole, Bwana Damu. Chukua lile la juu, halijapasuka. Mimi nakimbia."

"Unakimbia nini?"

Hakumjibu, lakini alimwachia namba ya simu ya karakana.

Wiki hiyo hiyo simu ililia.

"Spana, pikipiki yangu inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Inakukumbuka."

"Mpe maji, alale."

Akacheka peke yake, kisha akatazama mlangoni. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Miezi saba ilipita hivyo. Bwana Damu alileta pikipiki kwa sababu ya nati moja iliyolegea, kisha kwa sababu ya nati ambayo haikulegea. Walikaa kwenye benchi nje ya karakana, chai katikati yao, na hawakuwahi kwenda mbali zaidi ya benchi lile. Kila alipomwalika watembee, Spana alikuwa na kazi.

Kisha Bwana Damu akahamishiwa milimani.

"Kuna nyumba ya mfanyakazi, vyumba viwili," alisema. "Nataka tufunge ndoa, twende wote."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Mlango ulikuwa hatua tano kutoka kwenye benchi, na baba yumo.

"Siwezi, mpenzi. Usiniulize."

"Una mtu mwingine."

Alinyamaza. Bwana Damu akauchukua ukimya ule kama jibu.

Hata hivyo pikipiki yake ya njia za matope ilihitaji shokapu nene za mbele, za kuhimili makorongo ya huko. Alizileta mwenyewe siku mbili kabla ya safari, akasimama kando amekunja mikono. Spana alitoa zile nyembamba, akaingiza nene, akarudisha gurudumu. Ukabaki mpira wa breki, ule unaoshuka kutoka kwenye usukani hadi chini gurudumuni.

"Upitishe kwa ndani, kama kawaida," baba alisema kutoka mlangoni.

Kawaida ilikuwa ya shokapu za zamani, zilizokuwa na kishikio upande wa ndani. Hizi hazikuwa nacho. Kati ya shokapu na tairi palibaki nafasi ya kidole tu, na pikipiki ikibonyea kwenye shimo, tairi lingeulamba mpira mpaka liukate. Yeyote mwenye macho angeliona. Ndiyo maana Spana hakuweza kulisema mbele ya mteja.

"Sawa, baba," alijibu, akaupitisha ndani.

Alipanga kuufungua Bwana Damu akishaondoka. "Njoo kesho," alimwambia. Kisha akamshika baba mkono, kama binti anayempenda baba yake, akamwingiza ndani kula.

Aliporudi, pikipiki haikuwepo; Bwana Damu alikuwa ameianza safari bila kungoja kesho.

Alipiga simu mara tisa. Mara ya kumi ikapokelewa, upepo ukivuma ndani yake.

"Uko wapi?"

"Juu ya mteremko mkuu. Nimesimama nivae koti la mvua."

"Usishuke. Mpira wa breki umepita vibaya."

"Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema upite ndani."

"Alikosea."

"Fundi wa miaka thelathini amekosea, wewe ukanyamaza?" Alicheka bila furaha. "Spana, nilipokuomba uje hukuja. Sasa unanivuta nirudi ili iwe nini? Niache niende."

Injini ikaunguruma. Baba alikuwa ametoka, amesimama nyuma yake, mkono ukutani.

"Baba haoni," alisema Spana. "Ni mwaka wa tatu sasa. Haoni kabisa. Ndiyo sababu siwezi kuja. Zima pikipiki, uguse huo mpira."

Injini ilizimika.

"Umeshachubuka," Bwana Damu alisema taratibu. "Nyuzi za ndani zinaonekana."

Alirudi alasiri juu ya lori la mboga, pikipiki imelazwa katikati ya magunia ya kabichi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Njoo karibu, sikuoni."

Bwana Damu akamshika mkono, hakuuachia. "Mzee, naomba kumuoa binti yako."

"Ukimpeleka milimani, mimi nafunga karakana."

"Baba, tuwaambie wateja," Spana alisema. "Watazoea."

"Hapana."

"Basi mimi nitakaa hapa mpaka lini?"

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti yake, akaikosa kidogo. "Sijui, mwanangu. Nisamehe."

Spana alipiga magoti, akatoa mpira uliochubuka, akafunga mpya. Safari hii aliuzungusha nyuma ya shokapu, akaubana kwa nje. Bwana Damu aliegemea usukani kwa uzito wote mpaka mbele ikabonyea, kisha akaugeuza kulia na kushoto, na mzee akaweka kidole kwenye mpira kuhakikisha hauvutwi wala haugusi tairi.

"Sawa," mzee alisema.

Walioana mwezi uliofuata. Mume hushuka kila Jumamosi na kupanda Jumapili mchana. Nyumba ya milimani mke bado hajaiona.