Duara Lililofutwa

Kila alasiri Chapuchapu alimsaidia shangazi yake, mtafsiri, kwenye ofisi yao ndogo iliyotazamana na zahanati. Jina hilo alibandikwa kwa sababu alifanya kila kitu mbiombio, hata kupiga mswaki. Yeye aliandika rasimu, na kila neno lenye maana zaidi ya moja alilizungushia duara la penseli. Shangazi alikagua maduara, kisha akasaini.

Siku hiyo muuguzi alileta maelekezo ya Kiingereza yaliyotakiwa kwa Kihispania. Yalikuwa ya mama mmoja mgeni, ambaye kichanga chake kilipumua kwa shida. Chapuchapu alikuwa na mechi ya netiboli saa kumi, roho juu. Alifika kwenye neno moja la Kiingereza, *nails*, akalizungushia duara, akafungua kamusi na kuokota maana ya kwanza: *clavos*, yaani misumari. Kisha akalifuta duara ili asicheleweshwe.

"Umerudia kusoma sentensi nzima?" shangazi aliuliza, wateja wakiwa wamemzonga.

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akasaini.

Uwanjani, refa alipita mbele ya wachezaji. "Haya, nyoosheni mikono nione kucha!"

Chapuchapu alinyoosha mikono, akazitazama kucha zake, akashtuka. Sentensi ile ilisema: zikigeuka bluu, mleteni mtoto haraka. Hapo *nails* zilikuwa kucha, *uñas*, si misumari! Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini miguu ilishaanza kukimbia.

"Shangazi, nilikudanganya," alisema akitweta. "Sikurudia kusoma. Nilifuta duara."

Shangazi hakugomba. Alichukua ufunguo, akafunga ofisi, akamuuliza muuguzi anakokaa yule mama, wakatoka mbio.

Walimkuta yule mama nyumbani kwake, amesimama juu ya kiti na koleo mkononi. Alikuwa ameng'oa misumari yote ukutani, akaipanga dirishani, akitafuta iliyogeuka bluu. Kitandani, vidole vya mtoto vilikuwa vimebadilika rangi. Shangazi alimnyakua mtoto, wote wakakimbilia zahanati.

Walikaa kwenye benchi muda mrefu. Chapuchapu alilia mpaka kwikwi. Hatimaye muuguzi alitoka. "Anapumua vizuri. Kucha zimerudia rangi yake ya kawaida."

Shangazi alishusha pumzi. "Kukosea neno, hata mimi hukosea, na leo nimesaini bila kusoma. Lakini duara ni njia yako ya kuniambia kwamba huna uhakika. Ulipolifuta, ulininyima nafasi ya kukusaidia. Usione haya kusema hujui, mwanangu. Uone haya kujifanya unajua."

Chapuchapu aliitoa penseli mfukoni, akamwomba yule mama ile karatasi ya maelekezo, alirudishe lile duara.