Inchi Ishirini na Mbili za Jiwe

Fundi Koleo alifika giza likianza kuingia, futi ya chuma mkononi, penseli sikioni. Alijipangusa matope mlangoni kwa adabu zote, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Hodi, mzee! Baridi ya huku si mchezo. Inang'ata hadi kwenye fizi."

"Karibu, fundi. Ndiyo sababu nimekuita."

Mwenye nyumba alikuwa mpima ardhi, mtu wa miaka hamsini na tisa, na tangu amzike mkewe miezi minane iliyopita hakuwa amepokea mgeni. Nyumba ile kuukuu ya mawe, peke yake juu ya kilima, mkewe aliirithi kwa mama yake. Kuta nene, madirisha madogo, sakafu ya mbao inayolalamika kila ukipita. Mezani alikuwa ametandaza karatasi kubwa yenye ramani ya vyumba vyote, imechorwa kwa wino. Jiko la kuni la chuma sebuleni. Mabomba ya maji moto chini ya sakafu hadi chumba cha kulala. Bafu kubomolewa lote na kuanza upya.

Ramani ilikuwa ya kweli. Nia ndiyo haikuwa ya kweli.

Koleo aliiinamia, akapiga mluzi. "Hii itakuwa hoteli, mzee! Mabomba niachie mimi. Wengine watakuunganishia maji moto yaende chooni, asubuhi ujikute unatoka na mvuke." Akacheka peke yake. Kisha akakumbuka yuko wapi, akashusha sauti. "Na... pole sana kwa mama. Mazikoni sikufika, nilikuwa na kazi mbali. Ni mapenzi ya Mungu."

"Mungu tumwache apumzike kidogo," mpima alisema. "Tuanze na bafu."

Ni Koleo aliyefunga hita ya gesi katika bafu lile. Kazi ilikuwa na sharti moja tu: bomba la moshi litoboe ukuta, limwage hewa chafu nje. Ukuta ni jiwe tupu, unene wa inchi ishirini na mbili. Alipomaliza, alimwita mwenye nyumba nje akamwonyesha kofia ya bati iliyochomoza ukutani, saruji bado mbichi. Wakaagana kwa kushikana mikono.

Wiki mbili baadaye, usiku wa baridi kali, kidirisha cha bafu kimefungwa, mkewe alikutwa ndani ya beseni la kuogea, maji yameshapoa, mashavu mekundu kama mtu aliyetoka kucheka. Daktari alisema ni hewa ya sumu. Wakaandika: ajali.

Juzi ndipo mpima alipochukua futi. Ndani, bomba liliingia ukutani inchi kumi na nne kutoka kwenye kidirisha. Nje, kofia ilikuwa inchi kumi na tisa kutoka kidirisha hichohicho. Alirudia mara tatu. Kisha akaivuta kofia kwa kidole, ikabanduka kama gamba la kidonda.

Nyuma yake palikuwa na jiwe. Zima. Halijaguswa.

Sasa alitaka kitu kimoja. Amsikie Koleo akilisema jambo hilo kwa kinywa chake, ndani ya chumba kilekile, hita ileile ikiwaka.

"Iwashe," alisema walipofika bafuni.

"Si tunaing'oa, mzee?"

"Nataka niijue kwanza."

Koleo alisitasita. Akaweka mfuko wa vifaa chini, akawasha. Moto wa buluu ukasimama. Mpima akarudi nyuma hatua mbili, akavuta mlango, akasukuma komeo. Mlango ule ulikuwa na komeo la nje tangu zamani, maana ulizoea kujifungua wenyewe na kuingiza baridi.

"Mzee? Mlango umejifunga."

"Nimeufunga mimi."

Kitasa kikazungushwa kutoka ndani.

"Utani huo, mzee..."

"Moshi wa hita hiyo unatokea wapi, fundi?"

"Nje! Si nilikuonyesha?"

Mpima alitoa kofia ya bati mfukoni, akaigonga mlangoni mara tatu. "Nimeibandua kwa kidole."

Kisha sauti ya Koleo ikaja chini, karibu na tundu la ufunguo. "Tindo ilikatika. Jiwe lile lingenila siku tatu, na wateja wananipigia simu... Nikasema nitarudi. Haki ya Mungu, mzee, nilisema nitarudi."

Basi. Alichokitaka amekipata. Mpima alilishika komeo alifungue.

Maji yakaanza kutiririka ndani.

Akaliacha komeo. Maji ya bafu lile yalikuwa yamefungwa kwa miezi minane.

Halafu harufu... ikapenya chini ya mlango. Sabuni ya waridi. Hakuna mwingine aliyewahi kuitumia pale.

Koleo hakupiga kelele. Alinong'ona, kwa heshima, kama mtu aliyefumaniwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Mpima aliijua sauti ile. Alikuwa ameamka nayo miaka thelathini na moja.

"Ulisema utarudi," ikaendelea, taratibu. "Umerudi. Haya, malizia."

Mpima alivuta komeo. Likatoka lote, lakini mlango haukutikisika. Aliusukuma kwa bega, akaita jina la mkewe, mara ya kwanza tangu mazishi. Akakimbia nje, akafunga mtungi wa gesi kwa mikono miwili hadi mwisho. Kwenye kidirisha, mwanga wa buluu uliendelea kuwaka... ukapungua... ukazimika.

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi.

Beseni limejaa pomoni, linafuka mvuke. Hita ya baridi kama jiwe. Mfuko wa vifaa uko wazi; nyundo haimo, tindo haimo.

Koleo hayumo.

Askari aliyekuja kesho yake alikipima kidirisha kwa viganja. Hata paka angefikiria mara mbili kupita pale. Mpima alimweleza kila kitu, pamoja na komeo. Askari akaacha kuandika, akamtazama kwa huruma wanayotazamwa nayo wafiwa.

"Ametoroka kazi huyo, mzee. Mafundi si unawajua?"

Jioni ya tatu ndipo mpima alipoisikia.

Ko... ko... ko...

Chuma juu ya jiwe. Si bafuni, si nje. Ndani ya ukuta.

Alitega sikio kwenye jiwe, akaweka alama kwa penseli pale sauti ilipokuwa kali. Kesho yake akaweka nyingine. Akaleta kiti. Mara nyingine alimsikia mwanamume akilia na kuomba maji, na sauti ya pili, yenye subira, ikimwambia: bado. Alikaa pale hadi sauti zinyamaze, kisha akaenda kulala. Alilala vizuri. Hakuona aibu.

Siku ya kumi na mbili alihamishia zile alama kwenye karatasi, aone lini tindo itatokeza nje. Aliunganisha nukta kwa rula. Akaangalia. Akaunganisha tena.

Mstari haukuelekea nje.

Ulikuwa unakata ukuta kwa urefu, ukifuata upande wa chumba cha kulala, na kwa mwendo ule ungefika kwenye mto wake katika siku tisa.

Alikaa muda mrefu na penseli mkononi. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia askari, wala daktari, wala ndugu wa mkewe waliomkumbatia kaburini. Jioni ile hita ilipowashwa kwa mara ya kwanza, mkewe alisimama mlangoni mwa bafu, taulo begani, akamuuliza, "Umeikagua, mume wangu?"

Alikuwa anasoma gazeti. Alikuwa ameiangalia kofia tu, kwa mbali, mikono mfukoni.

"Nimeikagua," alimjibu.

Mpima alizima taa ya sebuleni. Aliingia chumbani, akakisukuma kitanda hadi kikagusa ukuta, akalala, paji la uso kwenye jiwe.

"Mimi hapa," alinong'ona.

Nyundo ikanyamaza.

Kisha ikaongeza mwendo.