Bado Moja, Baba

Skrubu ilipotea mara ya kwanza siku ya Jumatatu, na Fundi akajilaumu mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kununua kompyuta za gemu zilizochoka, kuzifumua, kuchukua feni ya hii na kadi ya picha ya ile, kisha kuunda moja nzima na kuiuza kwa faida. Mikono yake haikuwa ya kupoteza vitu. Skrubu zilikaa kwenye kisosi, na ubavu wa kasha ulifungwa kwa skrubu nne. Jumatatu alikuta tatu. Jumanne tatu. Jumatano aliongeza ya akiba, akageuka kuchukua bisibisi, akarudi akakuta tatu.

Akaketi. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumwibia skrubu, na huyo walimzika miezi mitano iliyopita.

Binti yake alikuwa na miaka tisa na ujanja wa bibi kizee. Hakuwa na kompyuta yake. Alichezea zile za kuuza, baba anapozijaribu. Kasha likikaribia kufungwa, alificha skrubu moja ndani ya soksi, kisha akasema kwa sauti ya hakimu, "Bado moja, baba. Haijakamilika, haiuzwi." Basi wakacheza siku moja zaidi. Fundi alimwahidi ya kwake mwenyewe. Aliiunda kweli, nzuri, yenye taa za zambarau, lakini akatokea mteja mwenye haraka zake, na Fundi akamwambia mtoto, kesho nitakuundia nyingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wiki ile ile kifua kilimbana mtoto, na hiyo kesho haikufika.

Sasa ile ya taa za zambarau ilikuwa mezani tena. Mteja aliichoka, akaja kuiuza, na Fundi akainunua kimyakimya bila kumwambia mkewe. Alitaka kuigusa tu.

Alhamisi mchana, gemu ikijaribiwa, feni ilibadili sauti. Ilikohoa. Ikakohoa tena, kikohozi kikavu cha mtoto anayejizuia asiamshe watu, na kwenye matundu ya kasha ikatoka harufu ya dawa ya kuchua kifua, yenye joto.

"Bado moja, baba."

"Naam, mwanangu," akajibu, kabla hajajua kwamba amejibu.

Ijumaa alijibu tena, na safari hii alijua anachofanya.

Mkewe alimsikia akijibu, akamkuta analia mbele ya kiti kitupu. Aliiona kompyuta, akaitambua. Alikwenda kumleta Bi Kimya, mshona magodoro wa mtaa wa pili, ambaye watu walimwita kwa sindano yake na kwa majini pia.

Bi Kimya aliinusa meza. "Huyu si mtoto wenu. Jini hana sauti yake, huazima. Amejibiwa mara ngapi?"

"Mbili," Fundi akanong'ona.

"Ya tatu ndiyo ruhusa. Nyumba hii ikimjibu mara ya tatu, hatoki tena, na aliyejibu atamfuata mtoto kabla mwaka haujaisha." Akaelekeza kidole kwenye kasha. "Kesho mchana ifunge kwa skrubu zote nne. Ataita. Nyamazeni mpaka mwanga wa dirisha ufike kizingitini. Akikosa jibu, atakwenda zake."

Usiku ule mke alimshika mumewe mkono. "Baba watoto, nimeshazika mmoja. Usinizikishe wa pili, nakuomba." Akauvuta mkono ule kifuani pake. "Mbona anakuita wewe tu? Mimi ndiye niliyembeba."

"Si yeye, mke wangu."

"Najua si yeye," akasema, na uchungu wake ulisikika.

Jumamosi Bi Kimya aliketi nje ya mlango. Fundi alikaza skrubu ya nne, na hapo hapo taa za zambarau zikawaka ilhali waya haukuwa ukutani, feni ikakohoa, harufu ya dawa ikajaa chumba mpaka macho yakawawasha, na sauti ikaita, baba, bado moja, baba, mbona husemi, baba, uliniahidi, ikaita kwa kudeka, ikaita kwa kulia, na Fundi akafungua kinywa kwa sababu ni kweli alimwahidi, na mkewe akamrukia kwa nyuma akamziba mdomo kwa mikono yote miwili, akamkumbatia hivyo huku mwanga ukitambaa sakafuni, shubiri mbili, shubiri moja, vidole vinne, na sauti ikawa inafifia kama ya mtoto anayebebwa kupelekwa mbali, mpaka ikakata.

Mwanga ulibakiza upana wa kidole kufika kizingitini. Fundi alihisi mikono ya mkewe ikilegea kwa faraja, lakini bado ilikuwa mdomoni pake.

"Mama?"

Ilikuwa mara ya kwanza mkewe kuitwa hivyo tangu siku ya mazishi. Fundi alitikisa kichwa kwa nguvu, akajaribu kuinua mkono amzibe naye, lakini alikuwa amekumbatiwa.

"Mama, uko wapi?"

"Abee, mwanangu," akasema mkewe. "Niko hapa."

Skrubu ya nne ikachomoka, ikabingirika sakafuni mpaka miguuni pa mke. Akainama akaiokota. Ilikuwa na joto.